Dawa ya Meno ya Devota

Wapakiaji wa mbao pale Makambako walisema kicheko cha Oktavia Mtewele waliweza kukisikia kabla hawajauona moshi wa jiko lake. Banda lake la chakula lilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, upande wa barabara ya kwenda Njombe, na asubuhi za baridi watu walijaa pale kula makande ya moto. Oktavia alikuwa na meno meupe, yaliyopangika vizuri, na alipocheka hakuweka mkono mdomoni kama wanawake wengine. Jumapili aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, akisimama mstari wa mbele. Mumewe Dionis, seremala asiye na maneno mengi, alisema alimpendea hapo hapo, akiimba.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Devota. Baba yao alifariki Devota akiwa bado mtoto, na mama yao alikuwa na shamba dogo la viazi karibu na misheni, nje kidogo ya Njombe. Oktavia aliacha shule akaenda kufanya kibarua cha kubandua magome ya miti ya miwati ili mdogo wake asome. Mikono yake ilipasuka kwa baridi na utomvu, lakini Devota alivaa sweta la shule kama watoto wengine na akafika chuo. Hilo Oktavia hakuwahi kumsimanga nalo. Alipolitaja, alilitaja kwa fahari, kama mtu anayesimulia harusi.

Devota aliolewa Njombe na mwalimu anayeitwa Anderson, akajenga maisha yake huko. Kisha akaingia kwenye biashara. Kulikuwa na watu waliokuwa wakizunguka mikoani wakifanya semina kwenye kumbi za hoteli, wakiuza vitu vya mitishamba, na kila aliyenunua aliambiwa awalete na wengine wanunue. Devota alitoka kwenye semina hizo akiwa na begi la dawa za meno zenye tyubu za kijani na maneno mapya mdomoni.

Wakati huo huo, msimu wa baridi ukiwa umeanza, Oktavia aliona damu kwenye mswaki wake. Mara ya kwanza alidhani amejichoma. Ilipoendelea alimtajia Devota kwenye simu, wakiwa wanaongea habari za mama, na mwisho wa wiki Devota akaja Makambako mwenyewe.

"Unatumia ipi, dada?"

Oktavia alimletea dawa aliyonunua dukani, ile ile aliyoizoea tangu aolewe. Devota aliigeuza, akasoma ubavuni, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hii ina floraidi. Hiyo ni sumu. Ndiyo inayokula fizi zako."

"Mbona nimeitumia miaka yote na sikuwa na shida?"

"Sumu haionekani siku moja. Sasa ndiyo imeonekana."

Akamtolea tyubu ya kijani. Dawa yenyewe ilikuwa ya kahawia, haina povu, inanukia karafuu. Oktavia aliijaribu pale pale kwenye beseni, nje, na kweli mdomo ukapoa na maumivu yakatulia. Alimshukuru mdogo wake sana. Moyoni alijiambia kwamba shule aliyomsomesha haikupotea bure.

Tangu siku hiyo dawa ya dukani haikuingia tena nyumbani kwake. Binti yake Stella, aliyekuwa darasa la nne, alilalamika kwamba ile ya kahawia ni chungu na inachafua mswaki, lakini Oktavia alisimama mlangoni kila asubuhi kuhakikisha anaitumia. Aliwaambia na wenzake sokoni. Beatha, mama aliyeuza maparachichi jirani na banda lake, alinunua ya kwake, ya mumewe na ya mama mkwe wake aliyekaa Kichiwa. Oktavia hakutaka faida yoyote. Alimwagizia Beatha kwa Devota, akamkabidhi, basi.

Damu haikukatika. Alipompigia Devota, alijibiwa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

"Hiyo ni sumu ya zamani inatoka, dada. Ikiisha, damu itakata yenyewe. Ukiacha sasa, utakuwa umekatisha dawa."

Basi akaendelea. Kila alipotema mate mekundu alijisemea kwamba sumu inatoka. Karafuu ilimtuliza maumivu, na kwa kuwa haumwi sana, aliamini anapona. Mwaka ukapita hivyo.

Kilichofuata kilikuja polepole, na yeye alikuwa wa mwisho kukijua. Wateja waliokuwa wakimwinamia kumtania wakati anapakua walianza kunyoosha tu sahani kwa mkono mrefu. Kwenye kwaya, mwenzake wa kulia aliomba ahamie upande wa pili kwa sababu ya upepo wa dirishani. Halafu wa kushoto naye akahama. Dirisha lilikuwa moja, tena lilikuwa limefungwa. Jioni moja, wakila, Oktavia alitafuna kipande cha nyama na jino la mbele likasogea kama msumari uliolegea kwenye mbao. Akaacha kutafuna. Dionis alimtazama, akaweka tonge chini.

"Mama Stella, mdomo wako unanuka," alisema. "Si leo tu. Ni miezi sasa. Nilikuwa nashindwa kukwambia."

Oktavia alitazama sahani. "Kumbe ndiyo maana Jumapili wananikimbia."

"Twende hospitali."

"Devota amesema ni sumu inatoka."

"Devota si daktari."

Alikasirika. Alimwambia Dionis kwamba hajawahi kumpenda mdogo wake, na kwamba watu wasiosoma huwaonea wivu waliosoma. Dionis akaenda kuweka zana zake. Lakini Stella naye akaanza kulia kwa maumivu ya jino la nyuma, hata uji ukawa unamshinda, na kwa mtoto Oktavia hakuweza kukaidi. Walipanda basi asubuhi, yeye na Stella, wakaenda hospitali moja Njombe.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, jina lake Eveline. Alimlaza Oktavia kwenye kiti, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akampa kioo kidogo na kumwonyesha. Nyuma ya meno ya mbele, mahali ambapo yeye hakuwahi kupaona, palikuwa na kitu kigumu cha rangi ya udongo, kimeganda kuzunguka meno yote. Fizi zilikuwa zimevimba na kurudi chini.

"Huu ni ukoga ulioganda," alisema. "Umeingia hadi chini ya fizi, umekula mfupa unaoshika meno. Damu ilianza lini?"

Oktavia akamweleza yote, na habari ya sumu inayotoka. Daktari hakucheka. Alivua glavu akakaa.

"Mama, damu kwenye fizi haisafishi chochote. Ni ugonjwa unabisha hodi. Ungekuja wakati ule, tungekusafisha ukoga, ukarudi nyumbani na meno yako yote."

"Kwa hiyo dawa ya mdogo wangu ndiyo imenimaliza?"

"Dawa ile haikulegeza meno. Imekuchelewesha tu. Karafuu inaficha maumivu, nawe ukakaa." Akamgeukia Stella. "Lakini huyu ni habari nyingine. Jino la mtoto linahitaji floraidi ili liwe gumu lisitoboke. Huyu ameikosa, na naona biskuti anakula. Ana magego mawili ya ukubwani yaliyotoboka. Moja nitaliziba. Lingine limekufa, litang'olewa."

"Ya ukubwani? Si yataota mengine?"

"Haya hayaoti tena."

Oktavia aliomba aambiwe basi anunue ipi. Daktari akamwambia hahitaji dawa ya ajabu wala ya ghali. Achukue yoyote ya dukani iliyoandikwa floraidi na ambayo haijapita muda wake, asijali rangi wala matangazo ya kung'arisha. Atumie mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, na akitema povu asisukutue maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno.

"Na sumu wanayosema?"

"Ukimeza tyubu nzima utaumwa. Ndiyo maana mtoto mdogo anawekewa kidogo na anasimamiwa. Wewe unatema."

Siku hiyo Oktavia aling'olewa meno manne ya mbele yaliyokuwa hayashiki tena, na Stella gego moja. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Walitoka nje na pamba midomoni, ukungu ukiwa umeshuka mjini, na kwa kuwa Stella alikuwa anatetemeka, Oktavia akaona wasikimbilie stendi. Wakaenda kwa Devota, hakuwa mbali.

Devota aliwapokea vizuri. Alimfunika Stella blanketi kwenye kochi, akawasha jiko la mkaa, akasema pole nyingi. Hakuuliza kwa nini meno yameng'oka. Oktavia, akiwa bado hawezi kusema sawasawa, aliomba kwenda kutema damu. Akaingia bafuni.

Juu ya sinki palikuwa na kikombe chenye miswaki ya nyumba nzima, mikubwa kwa midogo, na kando yake tyubu ya dawa ya meno, imekamuliwa hadi katikati. Ilikuwa ile ya dukani. Ile ile aliyoambiwa aitupe. Akatazama kwenye rafu, akatazama nyuma ya mlango. Boksi lenye picha ya tyubu za kijani lilikuwepo sakafuni, limefungwa kwa utepe wa gundi, tayari kwa kusafirishwa.

Alitoka na ile dawa ya dukani mkononi. Devota aliiona, akainamia jiko akapuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

"Ni Anderson," alisema. "Ndiye anayenunua. Anasema watoto hawaipendi ile, haina povu."

"Na wewe?"

Devota alisogeza makaa kwa koleo.

"Niliijaribu. Iliniwasha."

"Uliacha lini?"

"Dada, umechoka. Kaa kwanza."

"Uliacha lini, Devota?"

"Mwanzoni. Kabla sijakuletea." Akainua uso. "Lakini si kila mtu inamwasha. Kule kwenye semina wengi walitoa ushuhuda. Na wewe ulisema imekusaidia, ulisema mwenyewe siku ile. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba hata dada yangu anaitumia."

Stella alikuwa ameamka, anawaangalia. Oktavia aliiweka ile dawa mezani taratibu, akamvika mtoto koti. Hakutukana. Angetaka kusema mengi, lakini mdomo ulijaa damu, na kila neno lilitoka limevunjika, likapitia pale ambapo meno hayakuwepo. Wakaondoka, Devota akiwafuata hadi barabarani akisema wangesubiri angalau chai.

Makambako kulikuwa na kazi nyingine ikimsubiri. Beatha alikuja bandani kuulizia tyubu nyingine za mama mkwe. Oktavia angeweza kusema zimekwisha. Alimketisha, akamweleza kila kitu, pamoja na alichokikuta bafuni, akamwomba awapeleke watu wake hospitali wakaangaliwe. Beatha alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unatuuzia kitu ambacho wenyewe hawakitumii."

"Mimi nilikuwa naitumia, Mama. Niangalie."

"Nakuangalia," Beatha alisema, akaondoka.

Siku chache baadaye sokoni kote ilijulikana kwamba Mama Stella na mdogo wake waliuza dawa mbovu. Jina la Devota hawakulijua, hawakuwahi kumwona. Waliomjua ni Oktavia. Beatha hakula tena bandani kwake, na wapo wapakiaji waliohamia kwa mpishi mwingine bila kueleza. Kwenye kwaya hakurudi. Padri alimtumia ujumbe kwamba kuimba hakuhitaji meno, lakini aliyewahi kuimba anajua kwamba maneno mengine yanahitaji, na Oktavia alijaribu nyumbani akasikia mluzi unatoka mahali pa wimbo.

Kwa mama yao huko misheni kesi ilikuwa fupi. Mama alisema Devota alikosea kwa kutojua, na kwamba mkubwa ndiye anayesamehe. Oktavia akamuuliza mama kama kuona dawa inakuwasha kisha ukampa mwenzako ni kutojua. Mama akasema viazi vinahitaji kupaliliwa, waende.

Devota aliacha dawa za meno mwaka uliofuata. Alihamia kwenye majani ya chai ya kupunguza tumbo. Oktavia alijua kwa sababu tangazo lilimfikia kwenye simu, lililotumwa kwa watu wote waliomo kwenye simu ya Devota, likianza na "Ndugu mpendwa."

Walikutana Pasaka, nyumbani kwa mama. Devota alikuja na zawadi, akamkumbatia Stella, akamwambia amekua. Mtoto akatabasamu huku amebana midomo. Hapo Oktavia akatambua kwamba binti yake amejifunza kwake kucheka hivyo. Mezani Devota alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, bado tu umeninunia?"

Oktavia alikuwa anachovya ugali kwenye mchuzi hadi ulainike, kama alivyozoea sasa.

"Sijanuna," alisema. "Nakula polepole."

Mama akaanza kugawa nyama, na Oktavia akapitisha bakuli kwa Dionis bila kujitilia.