Mara Nne

Nimesomesha elimu ya jamii hapa Maskati kwa miaka mingi, na muda wote huo nikirekodi na kuandika nyimbo na ngoma za watu wetu wenye asili ya Afrika. Kitabu changu kimoja sikifungui tena.

Ndani yake yumo bibi wa Darsait, aliyekuwa akiishi ghorofani juu ya gereji. Alinikaribisha alasiri kadhaa, nikamrekodi akiniimbia wimbo wa kutwangia aliourithi kwa bibi yake, kwa lugha ambayo yeye wala mimi hatukuielewa. Siku moja nilimuuliza huyo bibi yake alitoka wapi. Akasema, "Aliuzwa. Mtoto bado. Alikuwa na kovu la moto, toka shavuni mpaka shingoni."

Aliponiona naandika, alinishika mkono. "Wimbo uandike, mwanangu. Hilo jengine liache. Wanangu hawalijui."

"Inshallah, bibi," nilimjibu.

Sikuliacha. Nilijidanganya kuwa maadamu sikutaja jina, sikumkosea mtu. Hata kovu nililiandika.

Kitabu kilipotoka, binti yake, mwalimu wa skuli anayekaa Al Amerat, alikuja ofisini kwangu nacho mkononi. Hakukubali kukaa.

"Kovu hili wazee wote wa mtaani wanalijua, wametutambua," alisema. "Watu waliomposa mwanangu wamejitoa. Na mama hatoki tena nje."

Nilikwenda Darsait kuomba radhi. Bibi alinifungulia mwenyewe, akanimiminia kahawa, akaniuliza hali za watoto wangu. Nilipotaja kitabu, aligeukia dirishani.

"Kunywa, itapoa," alisema, basi.

Baada ya miezi michache alifariki. Sikuthubutu kwenda matangani.

Mwaka jana binti yake alinipigia simu. "Nna ombi moja. Sauti ya mama hatuna. Wewe unayo?"

Nilikaa sebuleni kwangu, Al Hail, nikaifungua rekodi ile ili nimnakilie. Katika kumbukumbu yangu, niliuliza mara moja tu. Kumbe niliuliza mara nne. "Alitoka wapi, bibi? Hebu kumbuka." Sauti yangu ilikuwa ya upole mno. Na kila baada ya swali zilisikika pumzi zake, nzito, kama mtu anayepanda ngazi.

Ningeweza kuyakata maswali yale. Nilimpelekea yote. Aliyasikiliza ndani ya gari lake, nami nimekaa pembeni yake.

"Mara nne," alisema.

"Ndiyo."

Hakuniangalia. Akarudisha nyuma mpaka kwenye wimbo, akausikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nishuke.

Bado nasomesha. Wanafunzi huniuliza namna ya kumfanya mtu azungumze, na kila nikianza kuwajibu, naisikia sauti ile ya upole ikitoka kinywani mwangu. Hunibidi ninyamaze kwanza. Wao hudhani natafuta maneno.