Mechi Niliyomtungia Kaka

Kaka yangu ndiye mtu pekee ninayemjua Maskati nzima anayeweza kukutajia, bila kutazama popote, timu iliyoshika mkia katika ligi ya jimbo moja la Ujerumani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Yeye mwenyewe hajawahi kufika huko. Kijerumani chake kinaishia kwenye "ahsante" na "kwaheri", na yote mawili nilimfundisha mimi. Aliyekwenda ni mimi. Nilipelekwa kutoka Unguja nikiwa na miaka kumi na tisa, kusomea uuguzi katika mji wa viwanda wenye baridi ya kukata masikio, nikakaa miaka minne.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Baba yake, alipokuwa kijana, alikuwa beki katika ligi ya jimbo lile, na nyumbani kulikuwa na kitabu kinene cha kumbukumbu za misimu ya mwanzo. Nilimwambia kwamba nina kaka ambaye hata chungwa likianguka sokoni hulipiga teke kwanza ndipo aulize bei. Siku ninaondoka akanipa kile kitabu. "Mpelekee kaka yako," alisema. Kaka hakuweza kusoma hata mstari mmoja, lakini misimamo ya timu aliisoma, maana tarakimu ni tarakimu. Tulipohamia Oman tuliacha vitu vingi nyuma, hata cherehani ya mama. Kitabu hakikuachwa.

Siku hizo Ujerumani haikuwa na ligi moja ya nchi nzima. Kila jimbo lilikuwa na chama chake na ligi yake, na mabingwa wa majimbo ndio waliokutana mwisho wa msimu kutafuta bingwa wa taifa. Hiyo ya jimbo letu, nasema letu kwa mazoea, ilianza kwa kubahatisha. Wachezaji walibeba milingoti ya goli mabegani mpaka kwenye uwanja wa gwaride la askari, na askari wakiutaka uwanja wao, mechi imekwisha. Timu ilisusa katikati ya msimu, matokeo yake yote yakafutwa, waliokuwa juu wakajikuta chini. Msimu mmoja mji ule ulikuwa na vyama viwili visivyosalimiana, kila kimoja na bingwa wake, na mabingwa wote wawili wakitembea kifua mbele. Matokeo mengine yaliamuliwa mezani, wiki tatu baada ya filimbi ya mwisho. Kaka alizipenda hizo fitina kuliko mabao. "Kama sie tu," husema.

Lakini haya yote aliyajua baadaye sana. Kwa miaka mingi alijua tarakimu tu. Maneno nilianza kumsomea nilipofiwa na mume wangu, miaka minne iliyopita, nikakaa eda hapa nyumbani Ansab.

Kaka hajui kufariji. Akishasema pole mara moja, amemaliza. Kwa hiyo Ijumaa ya pili baada ya msiba alikuja kutoka Darsait, baada ya chakula cha mchana, akiendesha mwenyewe kwa mwendo unaowafanya watu wa nyuma wapige honi njia nzima. Mkononi ana kile kitabu na daftari jipya. Akakaa, akafungua kalamu.

"Hebu nsomee," alisema. "Mie ntaandika. Nnataka historia yake yote kwa Kiswahili."

"Ya nini, kaka? Nani atasoma?"

"Weye soma tu, bibie."

Herufi za kitabu kile ni zile za kizamani, zenye pembe na mikia, ambazo hata Wajerumani wa leo huzikodolea macho. Mimi nilizizoea kwa sababu vitabu vyote vya mama mwenye nyumba vilikuwa hivyo. Nilisoma, nikafasiri, naye akaandika kwa hati yake ya karani wa wizara, iliyonyooka kama imepigiwa rula. Saa mbili zikapita sijamfikiria marehemu, nikaona haya, kisha nikatamani Ijumaa ifike tena.

Ijumaa ya sita au ya saba tulifika msimu wa tatu. Kulikuwa na mechi iliyoandikwa mstari mmoja na nusu: majina ya timu mbili, mbili kwa moja, refa amemaliza mchezo mapema kwa sababu ya mvua. Basi. Kaka kalamu ameinyanyua, anangoja. Nami nikaendelea kusoma kitu kisichokuwepo.

Nikasema kwamba dakika za mwisho jeneza lilipita kando ya uwanja, likipelekwa makaburini na watu wachache. Refa akapuliza filimbi. Wachezaji wote ishirini na wawili wakatoka, wakaliendea, wakapokezana kulibeba mabegani, huyu hatua chache na yule hatua chache, mpaka kwenye njia panda. Kisha wakarudi wakacheza kwenye mvua mpaka refa alipoumaliza mchezo mapema. Niliyasema hayo macho yangu yakiwa kwenye karatasi, kwa sauti ile ile ya kusomea.

"Subhanallah," kaka akasema. "Rejea hapo kwenye filimbi."

Nikarejea. Akaandika kila neno.

Nilidhani itapita. Haikupita. Mechi ile ikawa sura anayoipenda kuliko zote. Aliisimulia harusini, aliisimulia matangani, na aliisimulia sana msikitini kwao baada ya alasiri, kwa vijana wanaoendelea kucheza mpira huku kunaadhiniwa. "Hao si Waislamu," aliwaambia, "na mpira wao waliusimamisha kwa heshima ya maiti." Kila aliposimulia mbele yangu nilipata kazi jikoni. Mara kadhaa nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Muda unavyopita ndivyo uongo unavyokuwa mzito kuunyanyua, na mimi si jasiri, ni mkali tu. Watu huchanganya.

Mwaka huu akamaliza misimu saba ya kwanza. Alikwisha zungumza na mpiga chapa huko Ruwi juu ya nakala za kuwagawia jamaa. Kabla ya kuchapa alimpelekea muhtasari mzee mmoja wa Kijerumani anayeandikiana naye kwa kompyuta, mkusanyaji wa magazeti ya zamani ya ligi ile ile. Kwa kawaida huandikiana Kiingereza cha kuokoteza. Safari hii mzee alijibu kwa Kijerumani, kurasa mbili, na kaka akaja nazo Ijumaa ametoa chapa, uso umemkunjuka.

"Kaandika kirefu," alisema. "Naona kakipenda. Nsomee."

Simu ingemfasiria, lakini kaka haiamini simu. Aliniamini mimi.

Nikaipitia kwa macho kwanza. Mzee alikisifu kitabu. Kisha akauliza kwa adabu kubwa habari ya jeneza imepatikana wapi. Magazeti ya wiki ile anayo yote, alisema, na hakuna lililotaja jambo hilo. Tena kwao wabebaji wa jeneza hupangwa mapema, mtu hatoki tu njiani akaweka bega chini ya maiti asiyemjua. Hapo ndipo nilipojiona mjinga kweli. Mimi nilikaa Ujerumani miaka minne, nilimsindikiza mama wa chumba cha jirani kaburini, nikaona wanaume sita waliovaa sare nyeusi. Nilisahau. Jeneza nililolitunga lilikuwa la Unguja, likipokezanwa kama kwetu, na kaka hakushtuka kwa sababu na yeye ni wa kwetu.

Ningeweza kumfasiria sifa tupu. Ningeweza kusema mzee anaisifu sura ile kuliko zote. Kaka angefurahi, angechapa, na mzee wa watu angefikiri hakujibiwa. Naandika hili kwa kuwa nililifikiria kweli, kwa muda wa kunywa kahawa kikombe kimoja. Kisha nikamsomea barua kama ilivyo, mpaka salamu za mwisho.

"Gazeti lao limekosa," kaka akasema. "Kitabu si hiki hapa?"

"Kitabuni hamna, kaka. Niliitunga mie."

Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua la kufanya. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Mambo mangapi mengine?"

"Hilo tu. Wallahi hilo tu."

"Ntajuaje?"

Nikamsogezea kitabu, kana kwamba angeweza kukisoma.

"Miaka minne," akasema, "nnawasimulia watu uongo ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu."

Ndipo nikamwambia. Siku mume wangu alipotolewa, wanaume walimchukua na sisi wanawake tukabaki, kama ilivyo. Nilipanda juu, nikasimama dirishani. Gari lenye jeneza likapinda kwenye kiwanja cha vumbi ambapo vijana hucheza kila jioni, na mpira ukaendelea. Mmoja akafunga bao, wenzake wakamrukia wakishangilia, na gari likapita nyuma yao. Hawakuwa na kosa. Wangejuaje? Lakini niliwachukia vijana wale kwa chuki ambayo sikuwahi kumchukia nayo mtu yeyote, na katika eda nzima kila jioni nilizisikia kelele zao. Nikataka pawe na mahali fulani duniani mpira umesimama.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungen'ambia hivyo, ningekuelewa," akasema. "Hukun'ambia hivyo." Akainuka, akachukua kitabu na madaftari yake yote, akaenda zake. Kahawa yake ilibaki nusu.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Nilipika sambusa za watu wawili nikazila peke yangu kwa hasira, kana kwamba aliyekosa ni yeye. Iliyofuata hakuja tena. Mkewe akanambia kwenye simu kwamba msikitini alisimama baada ya sala, akawaambia vijana kuwa ile hadithi ya jeneza haikuwa kweli na kwamba kosa ni lake, hakuhakiki. Hakunitaja. Nilikata simu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka minne, na aliyeifuata mpaka mwisho kwa miguu yake ni kaka, mzee wa miaka themanini na moja.

Ijumaa ya tatu nilisikia honi za watu barabarani, nikajua ni yeye. Aliingia, akasalimia, akafungua kitabu ukurasa wa kwanza kabisa. Kando yake akaweka daftari jipya na kioo cha kukuzia, na karatasi aliyojinakilia zile herufi za kizamani, moja moja, na za kawaida chini yake.

"Tunaanza upya," alisema.

"Misimu yote saba?"

"Yote."

Tangu siku hiyo nasoma naye akinifuata kwa kidole. Akitilia shaka neno, hunisimamisha, hulitazama kwa kioo, hulilinganisha na karatasi yake, kisha hunipa ruhusa. Naumia kila kidole kinaposimama. Sijalalamika, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo.

Mwezi uliopita tukafika msimu wa tatu, mechi ile. "Mbili kwa moja," nikasoma. "Refa amemaliza mapema. Mvua." Akatazama kwa kioo. Akaandika. Halafu akafunga kalamu, jambo ambalo huwa halifanyi mpaka tumalize.

"Leo ntakusomea mie," alisema.

Akaanza kunielezea maziko ya mume wangu, ambako yeye alikuwapo na mimi sikuwapo, na ambayo katika miaka yote minne sikuwahi kumuuliza. Akanambia waliofika kwanza makaburini, na jinsi ardhi ilivyokuwa ngumu ikabidi wangojee sululu. Aliteremka yeye na mwanangu wa kwanza. Mwanangu alisita, kaka akamwambia, "Shika kichwa, baba, mie nimeshika." Akanambia kwamba walipoanza kumwaga udongo walitokea vijana wawili asiowajua, wamevaa njumu za mpira, vumbi mpaka magotini, wakapokea majepe ya kufukia kwa watu wazima waliochoka, wakaitikia dua pamoja na wengine, wakaondoka kabla hawajaulizwa majina.

Nilitaka kumuuliza kama hao wa njumu walikuwapo kweli. Swali lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini chumbani mle mwenye haki ya kuuliza swali kama hilo alikuwa mmoja, naye hakuwa mimi. Nikamwamini, nikalia kilio ambacho sikukilia edani, na kaka akaacha kidole chake juu ya lile neno la mvua, akingoja nimalize.