Mzigo Ulioandikwa Mbegu

Baba hakutaka mtu yeyote mtaani ajue kwamba tumemnunulia mashine ya kusikia. Alimwagiza kaka yangu aliyeko Dar es Salaam afunge boksi vizuri na juu yake aandike kitu kingine kabisa. Kaka akaandika kwa kalamu nene: MBEGU ZA MAHINDI. Masika yalikuwa yananukia, na Handeni nzima ilikuwa inazungumza habari za mbegu, kwa hiyo hakuna ambaye angelitazama boksi lile mara mbili.

Uziwi ulikuwa umemfanya baba aone njama kila mahali. Watu wawili wakicheka barazani, alijua wanamcheka yeye. Mtu akikohoa, aligeuka kumkazia macho. Alikuwa anaishi ndani ya ukimya kama mtu aliyefungiwa chumbani, anayeona vivuli vya watu vikipita chini ya mlango. Mimi ndiye ninayeishi naye hapa Handeni, mtaa wa Chanika, na polepole nami nikaambukizwa. Nikaanza kuhesabu nani amesalimia na nani amepita kimya.

Safari hii baba alikuwa na sababu. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi, Mazinde, kwa shangazi aliyemlea tangu mama afariki. Baba ndiye walii wake. Ndiye atakayeushika mkono wa bwana harusi na kumwozesha, na alitaka asikie kwa masikio yake jibu atakalopewa. Baba mdogo alikuwa ameshaanza kusema, kwa sauti ambayo alijua haimfikii kaka yake, kwamba itabidi yeye ndiye aozeshe. "Mzee atatutia aibu mbele ya shehe," alisema. "Ataulizwa hili, atajibu lile."

Mzigo ulitakiwa ufike kabla hatujaondoka. Basi lililoubeba likaharibika njiani. Alhamisi asubuhi mimi na baba tukafunga nyumba kwenda Mazinde kwenye kikao cha familia, na tulikuwa stendi ya Korogwe tukingoja gari la Mazinde simu yangu ilipoita. Alikuwa karani wa ofisi ya vifurushi Handeni.

"Dada, mbegu zako zimefika. Njoo na kitambulisho usaini."

"Niko Korogwe. Huwezi kuzipandisha gari la huku?"

"Risiti imeandikwa Handeni, mimi mwisho wangu Handeni. Nyumbani hakuna mtu wa kusaini?"

"Hakuna mtu."

"Basi nitajie jirani unayemwamini na namba yake. Bodaboda atampelekea, atasaini, nami nitakutumia picha ya risiti."

Jirani ninayemwamini. Nilisimama pale katikati ya kelele za wapiga debe nikipita nyumba moja moja kichwani, na kila mlango nikauona una kasoro. Mwisho nikamtaja mama wa nyumba ya nyuma yetu, mjane, mkulima, kwa sababu tu siku hiyo nilikosa ubaya wake. Nikampigia.

"Mbegu?" akasema. "Nyie na mbegu wapi na wapi?"

"Baba anataka kujaribu mwaka huu, mama."

Akaguna. "Haya. Mbegu ni mbegu. Zitakaa vizuri."

Ule mguno wake niliubeba mpaka Mazinde, kati ya mistari ya mkonge isiyokwisha. Picha ya risiti ilipoingia, tumeshaketi kwa shangazi, mahali pa sahihi palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi tii.

Baba aliichukua simu, akaitazama sana. Macho yake yalikuwa yamejifunza kufanya kazi mbili.

"Huyu siye," akasema, kwa sauti ya juu kama kawaida yake, wageni wote wakageuka. "Yule mama anaandika. Ndiye anayeandika mambo ya kikundi chao cha akina mama. Kwa nini aweke dole?"

Nikatoka nje, nikampigia tena.

"Mama, shikamoo. Mzigo umeupata?"

"Marahaba. Upo."

"Upo wapi?"

"Upo juu."

"Juu wapi?"

"We mtoto, juu ni juu. Hapa nina watu." Akakata.

Nikarudia, hakupokea. Usiku kucha nililiona boksi letu juu ya kabati la mtu nisiyemjua, juu ya pikipiki inayokimbilia Mkata, juu ya meza sokoni likipangiwa bei. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia baba mdogo akikariri maneno ya kuozesha, polepole, kama mtu anayejaribu kanzu ambayo bado si yake.

Ijumaa alfajiri nikapanda gari kurudi Handeni.

Nyumba ya mama jirani ilikuwa imefungwa. Jiko lake la nje, la udongo na makuti, nalo lilikuwa na kufuli, lakini moshi ulikuwa unapenya taratibu kwenye paa. Nikajiuliza ni mtu gani anayefungia moto ndani na kuondoka. Nikazunguka jiko, nikachungulia kwenye ufa, nikaona giza tu.

"Unatafuta nini huko nyuma, mwanangu?"

Alikuwa amesimama na jembe begani, matope mpaka magotini. Nikamwamkia kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa.

"Nimefuata mzigo, mama."

"Umetoka kwenye harusi ya mdogo wako, umekuja mpaka hapa, kwa ajili ya mbegu?" Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na nikaona jicho lile lile nililokuwa nimemwekea yeye. "Jana nimeulizwa kitambulisho kama mhalifu. Kalamu ya yule bodaboda imekauka, kila nikisaini haitoki. Nikachovya dole kwenye masizi ya sufuria, nikabandika. Sasa liwe lolote lililomo humo, dole lililosaini ni langu. Na mbegu gani nyepesi vile? Kama ni bangi au mambo yenu mengine, utafungua hapa hapa nione."

"Liko wapi, mama?"

"Si nilikwambia? Juu."

Akafungua kufuli. Katikati ya mafiga, kigogo kilikuwa kinafuka bila mwali. Juu yake, kwenye uchaga wa fito, mahindi yake ya mbegu yalikuwa yamening'inizwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi, na katikati ya mahindi hayo boksi letu lilikuwa limekaa kwa heshima zote.

Nikarefuka, nikalishusha.

"Mbegu mahali pake ndipo hapo," akasema. "Moshi unafukuza dumuzi wasizitoboe. Ulitaka nikwambie kwenye simu nimeziweka juu ya moto, mbele ya watu, ili iweje? Mbegu za mtu hazitangazwi zilipo."

Boksi lilikuwa la moto. Nililifungulia sakafuni huku amenisimamia. Kile kikasha cha plastiki kilikuwa kimejipinda, na ile raba laini ya kuingiza sikioni ilikuwa imeyeyuka, imegandia kifuniko. Nikaikwangua mashine kwa kucha. Nikatia betri, nikaifumbata kiganjani. Kwa muda haikutoa kitu. Kisha ikapiga mluzi mwembamba, mkali, kama mbu mwenye hasira: ilikuwa nzima. Nilikaa palepale kwenye majivu nikalia.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ya kusikilizia, mama. Ya baba."

Akalishika boksi, akasoma maandishi ya kaka, akanigeukia. Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mbegu za masikio! Kazipande basi, tuone kama mtavuna!"

"Tafadhali usimwambie mtu. Baba hataki watu wajue."

"Wajue nini? Mzee wako tunampigia hodi mpaka mikono inauma. Mtaa mzima unajua. Nenda, utachelewa magari."

Nilifika Mazinde jua likizama nyuma ya mkonge. Baba aliipokea mashine, akainusa kwanza.

"Inanuka jiko. Nani kaishika?"

Nikamvalisha. Bila raba haikukaa, ikabidi aishikilie kwa kidole. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, ambayo nilikuwa sijaitumia naye kwa muda mrefu. Nikamweleza uchaga, moshi na dole la masizi.

"Kwa hiyo anajua?" akauliza.

"Mtaa mzima unajua, baba. Tangu zamani."

Sikujua kama amenisikia, mpaka nilipoona midomo yake ikitetemeka, nusu kwa aibu na nusu kwa kicheko.

Jumamosi baba mdogo alikuja na kanzu iliyonyooshwa, akaketi karibu kabisa na shehe. Baba akaja akakaa katikati yao bila kuomba nafasi. Mkono wa kulia akampa bwana harusi, na kidole cha kushoto akakibana sikioni mbele ya watu wote. Akatamka maneno yake bila kukosea. Kijana yule, kwa hofu, akajibu kwa sauti ndogo sana, hata mimi niliyekuwa upande wa wanawake, mlangoni, sikuisikia.

"Rudia," baba akasema.

Baba mdogo akamgusa shehe goti. Bwana harusi akapaza sauti, akidhani mkwewe hajasikia: "Nimekubali kumuoa!"

"Nilikusikia mara ya kwanza," baba akamwambia, bila kuuachia mkono wake. "Nilitaka tu kusikia tena."