Mshikaji wa Pili Kwenye Kikombe cha Dada

Dada yangu ana ugonjwa wa usafi. Ukiosha sahani kwake, geuka tu mgongo, ataziosha tena. Mama alimlea hivyo. Mimi kitindamimba nilinusurika. Sasa usafi huohuo umeniulia samaki, na hasira bado ninazo, kwa hiyo nivumilieni.

Anafanya kazi maabara ya maji, huu mwaka wa kumi na tisa. Bwawa langu liko chini ya karakana ya kuchovya vyuma kwenye dawa ya shaba, na mfereji wake huileta shaba hiyo bwawani. Shaba iliyo huru majini huua samaki. Ikishikwa na uozo wa majani, haina neno. Hivyo vinavyoishika yeye huviita ligandi. Mimi huviita washikaji, naye hununa.

Kupima kwenyewe ni kudondosha shaba, tone kwa tone, kwenye kikombe cha plastiki chenye maji ya bwawa, na kila tone unasoma umeme unaoonyesha shaba iliyobaki huru. Kisha kompyuta inachora mstari upite kwenye nukta zote na kukisia washikaji ni wa aina ngapi. Ukisema aina moja, nukta zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Ukisema mbili, mstari ulikaa sawasawa. Mtaalamu wao wa takwimu akasema ni wawili, kwisha. Dada akagoma.

"Huyu wa pili simwamini," aliniambia. "Kila bwawa ninalopima yumo, na kiasi kilekile."

Miezi mitatu. Vifaranga wa samaki mia nane nimeshaagiza, muuzaji ananipigia kila asubuhi, na dada anarudia matone. Nikaenda maabara, nikasimama mlangoni.

"Dada, kompyuta imesema, mtaalamu amesema. Unangoja nani tena aseme?"

"Haraka haraka haina baraka, we mtoto."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Alikuwa amechoka. Nililiona hilo nikalitumia, sikubanduka mlangoni. Mwishowe akasaini: shaba imeshikwa, weka samaki.

Siku ya nne walielea wote. Niliwazoa kwa ndoo tangu asubuhi hadi mchana. Niliyomwambia dada kwenye simu siyarudii hapa.

 Alichukua maji matupu, yasiyo na uozo wowote, akayatia kwenye kikombe alichokisugua kwa asidi kama kawaida yake, akaanza matone. Mshikaji wa pili akajitokeza vilevile. Kumbe ni kikombe. Wenzake hukiloweka kwanza kwa maji ya bwawa lenyewe na shaba kidogo, tangu jana yake, plastiki ishibe. Yeye hakuweza kuvumilia kikombe kilicholala na maji machafu. Alikisugua mpaka kikawa na njaa, kikawa kinakula shaba ya kila tone, na kompyuta ikahesabu kwamba bwawa langu ndilo lililoishika.

Jumamosi alinikaribisha chakula. Kando ya sahani aliweka ripoti mpya: "Chanzo cha kosa, kikombe changu."

"Andika pia kwamba mdogo wako alikusimamia mlangoni," nikamwambia.

"Hiyo haipimiki," akasema, akasaini peke yake.

Tulikula. Nikaosha sahani, nikageuka mgongo makusudi, nikangoja nisikie bomba likifunguliwa. Hakuzigusa.