Tiketi Mbili za Mama

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu, kuna ofisi ya mlango mmoja na dirisha moja inayouza tiketi za ndege, na mwenye ofisi hiyo watu humwita Hakimu. Jina hilo hakujipa. Alipewa na fundi cherehani wa mlango wa jirani, baada ya kumsikia mwaka mzima akiwatolea wateja hukumu nyuma ya ukuta mwembamba. Mteja anaingia kifua mbele, simu mkononi, na bei aliyoipata mwenyewe, nusu ya ile ya Hakimu. Hakimu anaitazama simu, anairudisha mezani taratibu, kisha anauliza swali moja tu.

"Hizi ni tiketi ngapi?"

Kwa kawaida huwa ni mbili. Kampuni moja inakubeba nusu ya safari, nyingine inakumalizia, na zenyewe kwa zenyewe hazijuani hata kwa salamu. Hakimu huyaeleza haya kila siku na hachoki. Ukiwa na tiketi moja, husema, ndege ya kwanza ikichelewa hiyo ni shida yao. Watakutafutia nyingine, watakulaza na kukulisha. Ukiwa na mbili, shida ni yako peke yako. Kampuni ya pili inaandika kwamba hukufika, inafunga mlango na kuondoka na kiti chako kitupu, na ile ya kwanza inakwambia, sisi tulikufikisha ulikosema. Begi nalo halijui njia. Unalisubiri, unatoka nalo nje, unapanga foleni upya kama ndiyo kwanza umetoka nyumbani.

"Masaa matano katikati," humalizia. "Yakipungua, mimi sikukatii. Kakate kwingine, na ukikwama usinipigie."

Baadhi yao huondoka wamenuna, na wengi wao hurudi. Katika miaka kumi na minane hakuna abiria wa Hakimu aliyewahi kuachwa na ndege ya pili, na hili yeye halifichi. Umemuuliza hukumuuliza, atakwambia. Siri yake ni daftari la shule lenye jalada la bluu. Mteja akirudi salama na kupita kumshukuru, Hakimu humkalisha na kumhoji. Kutoka mlango wa ndege hadi ukaguzi, dakika ngapi? Foleni ya pasipoti je? Kutoka hapo hadi kaunta ya kampuni ya pili, ulitembea au kuna basi? Ndani ya daftari lile kuna viwanja vya ndege ambavyo hajawahi kuvikanyaga, lakini anavijua kama jikoni kwake.

Basi mwenye daftari hilo ndiye aliyevunja sheria yake mwenyewe, na aliivunja kwa ajili ya mama yake mzazi.

Mdogo wake Hakimu, wa mwisho kwa mama yao, anafanya kazi ng'ambo, na moyo ulikuwa unamsumbua. Alipangiwa upasuaji, mama akakatiwa tiketi moja safi ya kumfikisha siku tatu kabla. Kisha Jumatatu hospitali ikapiga simu: wameuwahisha, ni Alhamisi hii asubuhi. Mdogo mtu hakulia kwenye simu, na hilo ndilo lililomtisha Hakimu. Alisema tu, "Dada, nataka nimwone mama kabla hawajanilaza. Nikishamwona, wanifanye wanavyotaka."

Hakimu alitafuta siku nzima. Ndege za moja kwa moja na tiketi za pamoja, zote zilikuwa zimejaa hadi Ijumaa. Kilichobaki ni kampuni mbili zisizojuana, Jumatano, na katikati yake masaa matatu na dakika kumi. Akikosa ya pili, nafasi inayofuata ni Ijumaa, na Ijumaa ni kesho yake ya upasuaji. Alikaa akiitazama kompyuta mpaka chai ikapoa, kisha akakata tiketi zote mbili.

Fundi cherehani, ambaye ukuta ule haukumficha kitu, alichungulia mlangoni. "Leo Hakimu amejipa dhamana," alisema.

"Njoo ukae ukumbini na meza yako," Hakimu akamjibu. "Nina kazi na wewe."

Mama alikuwa na miaka sabini na moja, mwepesi wa miguu, macho mazima, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi na afya yake. Wasiwasi ulikuwa kwingine. Mama huyu alikuwa mpokea wagonjwa wa zahanati kwa miaka thelathini, yule anayekaa kwenye kidirisha cha mbele, na katika miaka hiyo yote hakumwandikia mtu kadi kabla ya kumjulia hali yeye na wa nyumbani kwake. Alistaafu kazi, salamu hakustaafu. Kwenda naye dukani mita mia mbili ni safari. Anasalimia muuza magazeti, mlinzi, mtoto aliyefungwa mgongoni, na akishasalimia husimama asubiri jibu, tena jibu kamili.

Begi kubwa lilikataliwa papo hapo. Mama alipewa begi moja la mkononi: nguo tatu, dawa za presha na shali aliyomfumia mwanawe. Kisha Hakimu akaufanya ukumbi wa ghorofa ya pili kiwanja cha ndege. Mwanzo wa ngazi ndio mlango wa ndege. Msaidizi wa daktari wa meno wa ghorofa hiyohiyo akawa ukaguzi wa mabegi, fundi cherehani akawa ofisa wa pasipoti, na mwisho wa ukumbi, baada ya kupanda na kushuka ngazi mara nne badala ya kile kitreni cha kuhamisha watu jengo hadi jengo, kulikuwa na kaunta ya kampuni ya pili, yaani kiti cha Hakimu mwenyewe. Kaunta hiyo hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Foleni zilikuwa zile za kwenye daftari: hapa simama dakika kumi na mbili, pale tisa.

Mara ya kwanza mama alitumia saa moja na robo. Alimkuta fundi cherehani mezani kwake, akamuuliza za kwake, za mkewe, za yule mtoto wake anayeumwa goti. Fundi akajisahau kwamba ni ofisa, akaanza kueleza goti.

"Mama," Hakimu alisema, saa mkononi, "huko watu hawasalimiani."

"Hawasalimiani, au hakuna anayewasalimia?"

"Mama, kila mtu unayemjulia hali anakula dakika mbili. Ukisalimia kumi umebaki."

"Nipite watu kama napita nguzo za umeme? Nilikulea hivyo?"

"Hukunilea hivyo. Lakini mwanao anakusubiri."

Mama alirekebisha mkoba begani, akarudi hadi mwanzo wa ngazi bila kuambiwa, akaanza upya. Mara ya pili, dakika hamsini na mbili. Mara ya tano, arobaini na moja, pumzi juu, mdomo umefungwa kama bahasha. Msaidizi wa daktari wa meno alisema baadaye kwamba alipopitwa hivyo bila neno aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Arobaini na moja na una masaa zaidi ya mawili kabla kaunta haijafungwa," Hakimu alimwambia. "Unafika, mama. Hili nimelipima."

Jumatano asubuhi alimsindikiza, akamwona akipita ndani, akarudi kazini. Walikubaliana kwamba mama asipige simu hadi awe ameketi kwenye mlango wa ndege ya pili, maana simu nayo ni dakika. Alipowasha kompyuta aliona kwamba ndege ya kwanza bado haijaruka. Ikapita nusu saa, ikapita saa. Ilipokuja kupaa ilikuwa imechelewa kwa saa moja na dakika ishirini na tano.

Hakimu alichukua kalamu. Ilikuwa itue saa saba mchana, kwa saa za huko. Sasa itatua saa nane na dakika ishirini na tano. Kaunta inafungwa saa tisa na dakika kumi. Katikati hapo ni dakika arobaini na tano. Mama anahitaji arobaini na moja.

Inatosha, alijiambia, na aliliamini hilo, kwa sababu daftari halijawahi kumdanganya. Lakini hesabu ile aliirudia mara tatu. Akamkatia tiketi mteja wa saa sita, akamhukumu mteja wa saa saba kwa sauti ileile ya siku zote, na hakuna aliyejua chochote isipokuwa fundi cherehani, aliyekuwa amezima cherehani yake ili asikie simu ikiita.

Saa ya ukutani, ile aliyoiweka kwa saa za huko, ilifika tisa na dakika kumi. Ikafika na robo. Ikafika na dakika ishirini na tano. Simu ikaita.

"Nimekaa," mama alisema.

"Mlangoni? Mlango wa ndege ya pili?"

"Namba ileile uliyoniandikia. Yule binti wa kaunta alikuwa keshasimama, ameshika mkoba wake. Nikamwekea pasipoti mezani. Akaketi tena."

Hakimu aliegemea kiti, akaziba uso kwa kiganja. Alitaka kusema neno la furaha lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Watu kumi na tisa," mama alisema. "Niliwahesabu. Nimewapita kumi na tisa bila neno. Kulikuwa na mzee mmoja anafagia, rika langu kabisa. Alininyooshea fagio, akanionyesha treni ilipo kabla sijauliza. Nami nikampita. Sikusema hata asante, mwanangu. Nilikuwa nahesabu dakika zako."

Hakimu alimsikia akivuta kamasi, na yeye akalia palepale, mbele ya mteja, bila kujificha.

Usiku ule mama alifika. Mdogo mtu alilala ameshikwa mkono, na asubuhi aliingizwa chumba cha upasuaji amejifunika shali miguuni mpaka wauguzi walipoiondoa. Alitoka salama. Wiki ya pili akawa anatembea hadi dirishani na kulalamikia chakula, ndipo mama akapiga simu kuulizia safari ya kurudi.

"Nimekutafutia nzuri," Hakimu alisema. "Ndege moja, moja kwa moja. Huteremki popote."

"Siitaki hiyo."

"Mama, ni tiketi moja. Hakuna foleni, hakuna kukimbia."

"Nikatie ya kupitia palepale nilipopita. Wewe si una sheria yako ya masaa matano? Basi nipe masaa yangu matano. Nina watu wa kuwasalimia."

Hakimu alivuta kibodi, akatafuta safari zinazopita kwenye kiwanja kile, akazisoma zote hadi ya mwisho.

"Ya masaa matano ipo," alisema. "Lakini nimekukatia ya saba. Yule mzee wa fagio huenda akawa zamu ya jioni."