Zaburi Tuliyoitwanga Wawili

Mama mkwe wangu hajui kusoma, na jambo hilo halijawahi kumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni meza ya Bwana. Katika kanisa letu, watoto huingia kwa darasa lao, kama mimi zamani, lakini mtu mzima hapewi mkate wala kikombe mpaka asimame mbele ya watu na kuisema zaburi ya mchungaji, yote, kwa kichwa, peke yake. Kwa miaka mingi wajukuu zake walikuwa wakienda mbele kula, naye amebaki benchi la nyuma, mikono mapajani. Siku moja akachoka.

"Mukamwana," akaniita, "unifundishe ile zaburi. Mimi pia niko na njaa ya ile mukate."

Nilipiga kigelegele palepale uani. Mimi ni mtu wa kuwaka upesi, kwa hasira na kwa furaha vilevile, na siku hiyo niliwaka kwa furaha hadi kuku wakakimbia.

Kwetu kijijini, upande wa Wamaza, mwanamke hakai chini mchana kweupe ati anafundishwa. Nani atapika? Kwa hiyo darasa letu likawa kinu. Sombe, majani ya muhogo, hutwangwa na watu wawili: mchi wangu ukishuka, wake unapanda. Biblia niliiweka juu ya kigoda, na jiwe juu ya ukurasa kwa ajili ya upepo. Mchi wangu ukishuka nasema kipande kimoja, wake ukishuka anasema kinachofuata. Majani mabichi yalikuwa yangu, maji matulivu yalikuwa yake. Bonde lilikuwa lake, meza ilikuwa yangu. Neno la Kiswahili likimponyoka anatia la Kibangubangu, tunacheka, tunarudi mwanzo. Jirani yetu Mwislamu, ambaye alikariri sura zake tangu utotoni, alikuwa akipita na ndoo kichwani anapunguza mwendo.

"Leo mumefika wapi?"

"Tumefika kwa bonde!"

"Basi musilale pale. Bonde si pahali pa kulala."

Zaburi ikakolea. Tuliitwanga bila kukwama, mpaka Biblia nikairudisha ndani.

Mchungaji mwenye kugawa meza alikuwa anakuja Kabambare mjini kutoka Kasongo, na kwa barabara zetu, mvua ikishika, hakuna ajuaye atarudi lini. Kumkosa safari hiyo kulikuwa kukosa meza pengine mwaka mzima, na mama hakuwa tena na miaka ya kuchezea. Jumamosi asubuhi tukapanda pikipiki ya kukodi, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma. Penye tope tulishuka tukasukuma, naye akasukuma pamoja nasi, huku anacheka kama msichana anayepelekwa harusini.

Mchana, kanisani Kabambare, akaitwa mbele. Akasimama wima, akainua mkono wa kuume kidogo, akanyamaza.

Kanisa zima likangoja. Mimi nikangoja. Kisha, bila kusema kipande cha kwanza, akatoa cha pili. Akanyamaza tena. Akatoa cha nne. Hapo nikaelewa: alikuwa ananiachia zamu zangu! Alizisikia kila siku, lakini kinywa chake hakikuwahi kuzibeba hata mara moja.

Nikasimama. "Pasta, anajua yote! Nimemufundisha mimi mwenyewe!"

"Mama, kaa. Ni yeye anajibu."

"Lakini anajua!"

"Haya," mchungaji akasema kwa upole, "wewe mwenye kufundisha, utuonyeshe. Sema yote, peke yako."

Nilijishika kiuno. Nikasema kipande cha kwanza kwa sauti ya kwaya. Nikafungua kinywa kwa cha pili, hakuna kitu. Nikaruka hadi cha tatu. Wamama wa mbele wakaanza kucheka, mchungaji naye akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Pasta," mama mkwe akasema, bila haya yoyote, "kidole kimoja hakiuwi chawa. Nusu ingine iko kwake."

"Nimeona, mama. Lakini sheria ya kanisa inasema peke yako. Kesho asubuhi, kabla ya ibada, nitakusikia tena."

Tulilala kwa shangazi yangu. Kabla jua halijazama, mama mkwe aliomba kinu. Shangazi akamwambia mgeni hatwangi, yeye akajibu kwamba hakuja kutembea. Nikachukua mchi wa pili. Akanikatalia.

"Weka. Leo niko mwenyewe."

Mwanamke anayetwanga peke yake hurusha mchi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mama akaanza: mchi ukiwa mkono wa kushoto, anasema kipande changu, ukihamia wa kuume, anasema chake. Kushoto, majani. Kuume, maji. Nilikaa nje ya kinu, mikono mitupu, nikimsikia anavyonichukua mkononi mwake zamu kwa zamu, na niliona fahari ambayo sikuwahi kuionea mtu.

Jumapili alisimama mbele yetu bila mchi. Mkono wa kushoto ukashuka, ukafuata wa kuume. Kanisa likamtazama bikizee akitwanga hewa, na safari hii hakuna aliyecheka. Bonde akalipita. Alipofika kwenye meza, mkono wa kushoto ulishuka kwa nguvu, na mimi nikapiga kigelegele kabla hajamaliza. Mzee wa kanisa akanikemea. Sikujali hata kidogo.

Mkate ulipomfikia, hakuupokea kwa mkono wa kuume kama wengine. Akakinga yote miwili. Aliporudi kukaa, mdomo bado unatafuna, alinipiga paja kwa ule wa kushoto, wa zamu zangu.

"Huyu ni wewe," akasema. "Umekula pia."