Mtaro wa Mawe Meupe

Tak. Kimya. Tak, tak.

Ulikuwa mlio wa chuma juu ya jiwe, na ulitoka upande wa shamba la mbaazi, kabla mwanga haujaingia kwenye dirisha la chumba nilicholala. Ng'ambo ya ukuta, susu, nyanya yangu, aliacha kukohoa. Nikajua naye anasikiliza.

"Kuna mtu anapasua kuni?" nikauliza.

"Kuni hazilii hivyo," akasema. "Huyo anagonga mawe yangu."

Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Makindu, ninakopanga chumba na kuandika. Kule malori ya simiti hupita mbele ya dirisha langu mchana kutwa, na sikuwa nimewahi kujiuliza simiti hutoka wapi. Huku kwa susu, kusini mwa Kitui, mawe meupe ya chokaa yametapakaa mashambani na kwenye makorongo kama meno ya mnyama mkubwa aliyekufa zamani. Utotoni tuliyakalia tukimenya mbaazi. Hakuna aliyeyaogopa.

Tulimkuta kijana amechuchumaa kati ya mimea, nyundo mkononi, begi la turubai mgongoni. Alisimama haraka, akavua kofia, akamwamkia susu kwa Kikamba. Alisema kwao ni Kilungu, ameajiriwa na kampuni inayotafuta mawe ya kutengenezea simiti, na chifu ana habari.

"Chifu analima hapa?" susu akamuuliza.

Kijana akacheka kidogo, kwa aibu. Akatoa chupa ndogo, akadondosha tone moja juu ya jiwe alilolivunja. Jiwe likachemka. Povu jeupe likapanda likifanya sauti nyembamba, shii, kama nyama inayoungua. Susu alirudi nyuma akanishika mkono, na kucha zake zikaingia kwenye ngozi yangu.

"Umelichoma?"

"Ni dawa ya kupimia, susu. Likitoa povu, ni chokaa." Akafuta jiwe kwa kidole cha glavu. "Lakini haya ya juu hayatoshi. Huenda yaliletwa na maji tu. Nisipouona mwamba wenyewe, nitawaambia hapa hapana kitu. Nitapita tena wiki ijayo."

Alipoondoka, susu alibaki akilitazama lile jiwe hadi povu likakauka. Kisha akageuka akatazama nyuma ya nyumba, kwenye mwarobaini, mahali babu alipozikwa. Nilielewa. Watu walikuwa wakisimulia habari za boma moja ng'ambo ya mto lililohamishwa ili machimbo yapite, jinsi wenyewe walivyomfukua baba yao na kumbeba kwenye pikapu, amefunikwa kwa maturubai ya kuanikia mahindi. Sijui kama ilikuwa kweli. Susu aliamini, na tangu aliposikia hivyo alikuwa akitamani jambo moja tu: alazwe kando ya babu, na babu asiguswe.

"Amesema asipoyaona atasema hapana," akaniambia. "Umesikia kwa masikio yako."

"Amesema mwamba, susu."

"Amesema asipoyaona."

Siku hiyohiyo akaita mwethya. Ndivyo kazi kubwa hufanywa kwetu: wanawake wa kijiji huenda shamba la mmoja wao, kesho la mwingine, na mwenye shamba hupika. Walikuja na majembe, sururu na karai, wakiwa wamejifunga leso viunoni. Hakuna aliyeuliza sababu. Wote walikuwa wameusikia ule mlio.

Asubuhi iliyofuata tuliokota mawe. Tuliyabeba kwenye karai hadi korongoni na kuyamwaga, na kila yalipogongana huko chini nilishtuka, nikidhani kijana amerudi.

"Tazameni mwandishi," mama mmoja mnene akawaambia wenzake. "Anabeba jiwe kama anabeba yai."

"Mwache. Huko Makindu jiwe zito ni kalamu."

"Basi atuandikie hii, halafu aje atusomee tukiwa wapi? Barabarani?"

Walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Mama mnene akainama akaokota jiwe jingine.

Mchana, shamba likiwa limebaki jekundu kati ya mbaazi, bila jiwe dogo hata moja, susu akasema hiyo haitoshi. Yalibaki mawe makubwa yaliyozama nusu, yasiyobebeka. Akaamua yafunikwe. Na sisi Wakamba tunajua njia moja ya kuhamisha udongo shambani: fanya juu. Unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unaurusha upande wa juu hadi uwe tuta. Vilima vyetu vyote, huku na kule Makueni, vimepigwa mistari hiyo. Mikono ya wale mama iliijua kazi hiyo kuliko ilivyojua kupumzika. Mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakamwitikia, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na udongo mwekundu ukaruka ukayafunika mawe makubwa moja baada ya jingine. Susu alikuwa akitabasamu.

Mimi nilikuwa ndani ya mtaro. Sururu yangu ilipiga kitu, na mkono wote ukafa ganzi hadi begani. Tak. Ulikuwa mlio uleule.

Nilikwangua kwa jembe. Chini ya udongo palikuwa peupe. Nikakwangua mbele, peupe. Aliyekuwa mbele yangu naye akasimama, na wa mbele yake, na wimbo ukafa kutoka mdomo hadi mdomo. Halikuwa jiwe lililoletwa na maji. Ulikuwa mgongo mmoja mpana, usio na ufa, ulionyooka ndani ya mtaro wetu wote na kuingia ardhini upande wa nyumba.

"Rudisheni udongo," susu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Rudisheni. Rudisheni!"

Tulirudisha. Lakini usiku ule mvua ilinyesha, ya kwanza ya msimu, ile tuliyokuwa tukiiombea kanisani. Maji yalifuata mtaro kama yanavyofundishwa na kila mtaro wa kwetu, yakaondoka na ule udongo uliolegea. Asubuhi mwamba ulikuwa umeoshwa, unang'aa. Kila tulipoufunika, mvua iliufunua tena.

Kijana aliporudi hakuhitaji nyundo. Alisimama ukingoni mwa mtaro muda mrefu, kofia mkononi.

"Nani amechimba hapa?" akaniuliza polepole.

"Sisi."

Alipiga picha, akadondosha dawa yake huku na kule, na kila mahali palichemka. Alitembea akifuata mwamba hadi ukutani pa nyumba, akatazama upande wa pili, akauona mwarobaini na kaburi. Nikaona mabega yake yakishuka.

Susu alimkaribisha ndani, kwa sababu mgeni ni mgeni, akampa uji. Kijana alikishika kikombe kwa mikono miwili. Akaeleza, akitazama sakafu, kwamba mawe husagwa, huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, huchomwa kwenye tanuri kali, kisha husagwa tena hadi yawe unga.

"Unga huo ndio simiti. Hata hii sakafu yako, susu. Ni mawe kama yale."

Susu aliinua nyayo zake, zote mbili, akaziweka juu ya ubao unaounga miguu ya kiti. Ile sakafu aliiomba kwa miaka, na siku ilipokauka alilala juu yake bila mkeka kwa furaha.

"Mtambo wa kutoboa utakuja," kijana akasema. "Baadaye watakuja watu wa kuzungumza na wewe. Unaweza kukataa, susu. Ni haki yako."

"Na majirani wakikubali, wataukata mwamba hadi hapa mlangoni kwangu?"

Kijana akanywa uji.

"Kwenu Kilungu kuna mawe haya?"

"Hapana. Kwetu ni miembe na avokado."

"Basi mama yako analala usingizi."

Aliweka kikombe chini, akashukuru, akainama kupita mlangoni. Mlango ule wa mbao mchana ulikuwa wazi daima, mvua au jua. Niliwahi kuuona umefungwa mara moja tu, siku ya kumzika babu. Susu aliinuka, akavuka sakafu kwa ncha za vidole, akaufunga nyuma ya mgeni, na kusukuma komeo hadi mwisho.